Mtoto Akiuliza Mbele ya Pango: Desturi za Noeli Zimetoka Wapi?

Siku za Majilio zikikaribia kwisha, katika makanisa na vigango vya Handeni na Korogwe watu huanza kujenga pango la Noeli. Vijana huleta fito na nyasi, akina mama hufagia, na watoto husimama kutazama. Na mtoto akitazama, huuliza. Je, Yesu alizaliwa Desemba kweli? Kwa nini pana ng'ombe na punda? Yule mzee wa ndevu nyeupe aliye kwenye kadi za dukani ni nani, na mbona hayumo pangoni?

Wazazi wengi hujibu, "Ndiyo desturi," kisha huendelea na kazi. Jibu hilo halimtoshi mtoto wa siku hizi, ambaye husikia mengi redioni na kuona mengi katika simu ya kaka yake. Asipojibiwa nyumbani atajibiwa na wengine, na huenda akaambiwa kwamba Noeli yote ni mambo ya Wazungu tu, yasiyomhusu mtu wa Kwedizinga. Basi, baba na mama, yatupasa kuzijua desturi hizi: ipi ni ya imani, ipi ni pambo, na ipi ni ya biashara tu.

Jina lenyewe

Huku kwetu wengine husema Noeli, wengine Krismasi, na mara nyingine hubishana kana kwamba ni sikukuu mbili. Ni moja. Krismasi ni neno la Kiingereza lililoingia katika Kiswahili, na maana yake ya asili ni Misa ya Kristo. Noeli limetoka katika Kifaransa, nao Wafaransa walilipata katika neno la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa.

Ukitaka kujua kwa nini Wakatoliki wa pwani hii walishika neno la Kifaransa, kumbuka ni nani walioleta Injili. Padre Fava na wenzake walitoka kisiwa cha Réunion wakafika Unguja siku chache kabla ya Noeli ya mwaka 1860. Baada yao wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walivuka bahari wakajenga misioni ya Bagamoyo. Kutoka huko, katika miaka ya 1880, waliingia Uzigua wakajenga misioni ya Mandera. Wengi wao walikuwa Wafaransa. Wazigua waliobatizwa nao walilisikia neno Noeli vinywani mwao, na neno likabaki. Na siyo Wazigua peke yao. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe walikuja manamba kutoka Unyamwezi, Ubena na kusini kwa Wamakonde, na waliokuwa Wakristo walikuja na sikukuu yao moyoni. Baadhi ya familia zetu leo ni wajukuu wa watu hao.

Kwa nini tarehe 25 Desemba?

Mtakatifu Luka atueleza mji, hori, na wachungaji waliokesha. Tarehe hakuiandika. Wakristo wa kwanza sikukuu yao kubwa ilikuwa Pasaka, wala hawakujishughulisha sana na siku ya kuzaliwa Bwana. Andiko la kale tulilo nalo linaloitaja tarehe 25 Desemba ni kalenda ya Roma ya mwaka 354, na wataalamu husema kwamba habari zilizomo zaonyesha desturi ilikuwapo Roma tangu mwaka 336 hivi. Upande wa mashariki watu waliadhimisha tarehe 6 Januari. Mwaka 386 Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipokuwa padre katika mji wa Antiokia, aliwahubiria watu waipokee sikukuu hii ya Desemba, ambayo kwao ilikuwa bado ngeni, haijatimiza miaka kumi tangu kuwafikia. Hata leo majirani zetu wa Ethiopia, wanaofuata kalenda yao ya kale, kwa kawaida huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 7 Januari.

Wataalamu wana maelezo mawili. Wengine husema Kanisa liliiweka siku hii mahali pa sikukuu ya jua ya Warumi wapagani, kwa kuwa Kaisari Aureliano mwaka 274 alikuwa ameitukuza sana ibada ya jua. Huko Ulaya mwishoni mwa Desemba usiku ni mrefu mno, kisha mwanga huanza kuongezeka tena. (Kwetu Handeni jambo hili ni gumu kulifahamu, maana usiku na mchana vyakaribia kulingana mwaka mzima.) Wengine husema Wakristo walihesabu wenyewe. Waliamini kwamba Bikira Maria alipashwa habari na Malaika tarehe 25 Machi. Hesabu miezi tisa, utafika 25 Desemba. Mama yeyote aweza kuifanya hesabu hiyo kwa vidole.

Maelezo ya pili yanipendeza zaidi, lakini hata yale ya kwanza yakiwa kweli, sioni aibu yoyote. Mtoto akiuliza, mwambie wazi: siku yenyewe hatuijui, tunaadhimisha tukio, na tukio ni la kweli.

Padre kusoma Misa tatu siku hiyo, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, nako ni jambo la zamani sana. Papa Gregori Mkuu, miaka zaidi ya 1400 iliyopita, aliitaja desturi hiyo katika mahubiri yake. Vijijini padre ni mmoja na vigango ni vingi, kwa hiyo huenda wengine wakapata Misa jioni, au hata siku ya pili yake, na katekista akaongoza ibada asubuhi. Noeli yao haikupungua kitu.

Pango la Greccio

Sasa tufike pangoni, maana hapa ndipo penye habari nzuri kupita zote.

Mwaka 1223, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa Greccio, kijiji kidogo cha milimani katika nchi ya Italia. Siku kama kumi na tano kabla ya Noeli alimwita rafiki yake Yohane, mtu wa huko, akamwomba atayarishe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake shida aliyoipata Mtoto Yesu, aliyekosa hata vitu vile ambavyo kila mtoto mchanga huhitaji. Usiku ulipofika, wanakijiji walipanda mlimani na mishumaa na mienge waliyoitengeneza wenyewe. Misa ikatolewa juu ya hori. Fransisko hakuwa padre, alikuwa shemasi. Akaimba Injili, akahubiri. Habari hizi twazipata kwa Mtawa Thomas wa Celano, aliyeziandika miaka michache tu baadaye.

Tazama vitu ambavyo havikuwapo. Hapakuwa na sanamu za chokaa, wala taa za rangi, wala kitu chochote cha dukani; sanamu zilikuja baadaye. Fransisko hakuagiza kitu kutoka Bethlehemu. Alichukua vitu vilivyokuwa katika mazizi ya watu wa Greccio, na punda wa Greccio alisimama mahali pa punda wa Bethlehemu.

Basi, kwa nini sisi tuone haya? Nimesikia watu wakisema kigango chao hakiwezi kuwa na pango kwa sababu hakina fedha za kununua sanamu za mjini. Maneno hayo hayana msingi. Udongo upo, na watoto wetu hufinyanga ng'ombe na mbuzi kila siku wanapocheza. Makuti yapo, na fito, na magunzi ya mahindi. Mama Maria aweza kuvikwa kipande cha khanga. Na wachungaji? Hao Handeni haina haja ya kuwatafuta vitabuni. Kijana aliyelala nje na mifugo, akisikiliza fisi, aujua usiku wa wachungaji wa Bethlehemu kuliko mtoto wa London. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019, akaandika barua ya kuwahimiza wazazi kujenga pango nyumbani pamoja na watoto wao. Hakusema liwe la bei gani.

Kuhusu ng'ombe na punda, mtoto mwerevu akifungua Injili ya Luka hatawaona. Mfungulie Nabii Isaya, sura ya kwanza, ambapo nabii asikitika kwamba wanyama hao wamjua bwana wao, lakini taifa la Mungu halimjui. Ndiyo maana Wakristo wa kale waliwachora kando ya hori, na ndiyo maana Fransisko aliwataka. Neno "pango" nalo halimo katika Luka. Lakini tangu karne ya pili Mtakatifu Yustino aliandika kwamba Yesu alizaliwa pangoni karibu na Bethlehemu, na katika karne ya nne Kaisari Konstantino alijenga kanisa juu ya pango hilo. Mpaka leo mahujaji huteremka ngazi kuliingia.

Mti, na mzee wa ndevu

Mti wa Noeli ulianza kwa Wajerumani na jirani zao. Katika mji wa Strasbourg mwaka 1605 iliandikwa kwamba watu waliweka miti ya misonobari vyumbani mwao, wakaipamba kwa matofaa na maua ya karatasi. Wataalamu wengi husema ulikuwa ukumbusho wa mti wa Adamu na Eva. Roma yenyewe haikuwa na haraka: mti wa kwanza katika uwanja wa Mtakatifu Petro uliwekwa mwaka 1982, kwa agizo la Papa Yohane Paulo wa Pili. Huko mijini watu hubandika pamba mtini iwe mfano wa theluji. Si dhambi, ila inachekesha kidogo. Sisi tuna mti wetu ambao Mungu mwenyewe huupamba mwezi wa Desemba kwa maua mekundu, na watu wakauita mkrismasi. Asili yake ni Madagaska. Tawi lake moja kando ya pango lapendeza kuliko pamba.

Yule mzee wa nguo nyekundu ni Mtakatifu Nikolao aliyebadilishwa mno na wafanya biashara. Nikolao alikuwa Askofu wa Mira, katika nchi iitwayo Uturuki leo, katika karne ya nne, na sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Husimuliwa kwamba palikuwa na baba maskini mwenye binti watatu, asiyekuwa na mahari ya kuwaoza (kwao upande wa mwanamke ndio uliotoa, kinyume cha desturi yetu). Nikolao akapita usiku akatupa dhahabu dirishani, ili asijulikane. Mtakatifu alijificha alipotoa. Mzee wa kwenye kadi hujionyesha kila mahali, na kitu chake huuzwa.

Pilau, nguo mpya na mkopo

Wengine hudhani kula vizuri siku ya Noeli si jambo la kiroho. Mtakatifu Fransisko hakudhani hivyo. Mwaka mmoja Noeli iliangukia Ijumaa, na ndugu mmoja akataja habari ya kutokula nyama. Fransisko akamkemea, akasema siku hiyo angependa hata kuta zile nyama, na kama haziwezi basi zipakwe kwa nje. Alitaka matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe nyasi, na nafaka imwagwe njiani kwa ajili ya ndege.

Huku kwetu majirani zetu wengi ni Waislamu, na mara nyingi ukoo mmoja una watu wa dini zote mbili. Ndipo ikawa desturi katika nyumba nyingi za Kikristo kumwita jirani Mwislamu achinje kuku au mbuzi wa sikukuu, ili kila atakayepelekewa sahani aile bila shaka moyoni. Na Idi ikifika, sahani hurudi imejaa. Hakuna kitabu cha Ulaya kilichotufundisha hilo. Naona inafaa kuhesabiwa pamoja na pango na Misa ya usiku miongoni mwa desturi za Noeli za nchi hii.

Lakini liko jambo moja linalotusumbua, tena kila mwaka. Desemba ni mwezi wa vuli, na Handeni vuli haina ahadi. Januari shule hufunguliwa: sare, viatu, madaftari. Katikati ya hayo huja tamaa ya nguo mpya kwa kila mtoto, na baba huona aibu wanawe wakienda kanisani na nguo za mwaka jana. Basi huuza mahindi ya chakula, au hukopa kwa riba, na mwezi wa pili wote huona njaa. Mama akisema, huambiwa anaharibu sikukuu. Mwenzangu, keti na mkeo mapema, mwanzoni mwa Majilio, mhesabu pamoja kilichopo. Weka kwanza mbegu, kisha shule, kisha sikukuu kwa kile kilichobaki. Nguo ikifuliwa na kupigwa pasi ni nguo ya Noeli. Na ikiwa kuku ni mmoja tu, hapo pia pana supu ya kumpelekea bibi mgonjwa wa nyumba ya tatu.

Mwisho, watu huuliza pango libomolewe lini. Siku hizi wengi huliacha mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi wa Januari. Wanyama wa udongo wapewe watoto wachezee. Na zile nyasi zisitupwe jalalani: watu wa Greccio waliziweka nyasi za hori la Fransisko, wakawalisha mifugo yao iliyokuwa mgonjwa.