Usiache Geji ya Pikipiki Yako Ikafa

Ziko pikipiki zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 ambazo bado zinafanya kazi vijijini. Zinabeba maziwa, mbegu, hata wagonjwa. Injini inaunguruma vizuri. Lakini ukitazama geji ya mwendo, mshale umelala kwenye sifuri. Mwenyewe husema, "Haidhuru, inatembea." Maneno hayo yameua injini nyingi.

Geji ina kazi mbili

Mshale unaonyesha mwendo. Namba zinahesabu kilometa. Namba hizo ndizo kalenda ya injini.

Tuseme kitabu cha pikipiki yako kinasema ubadilishe oili kila kilometa 1,500. Kutoka kwako hadi kituo cha maziwa ni kilometa 12. Kwenda na kurudi ni kilometa 24. Ukienda kila siku, utafikisha kilometa 1,500 baada ya siku 62 hivi. Geji ikifa, hesabu hiyo inapotea. Oili inachakaa na vyuma vinasagana. Kebo moja iliyokatika inaweza kukugharimu injini nzima.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika pikipiki nyingi, giya ndogo iko kwenye gurudumu la mbele. Giya hiyo huzungusha waya ulio ndani ya kebo. Waya huzungusha sumaku ndani ya geji. Sumaku hukiburuta kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa, na kikombe husogeza mshale. Springi nyembamba kama unywele huurudisha mshale kwenye sifuri. Otto Schulze wa Strasbourg aliandikisha kifaa cha namna hii mwaka 1902.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Mshale na namba vyote vimesimama? Inua gurudumu la mbele. Fungua kebo upande wa geji. Zungusha gurudumu kwa mkono, kwenda mbele. Waya ukizunguka, geji ndiyo mbovu. Usipozunguka, kebo imekatika au giya imelika.

Mshale unatetemeka? Mara nyingi kebo ni kavu au imepinda sana.

Namba zinakwenda lakini mshale umelala? Ugonjwa uko ndani ya geji.

Kebo ikiwa kavu, vuta waya wa ndani. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha uukaushe. Paka grisi kidogo, lakini sentimeta 15 za juu ziache bila grisi. Grisi ikipanda ndani ya geji, mshale utanata. Unaporudisha kebo, usiikunje kwa nguvu.

Geji yenyewe ikiwa mbovu, usiibandue kwa bisibisi. Ipeleke kwa fundi wa geji, au kwa fundi saa mwenye mkono mwepesi.

Ukifunga geji nyingine

Geji ya pikipiki ya aina nyingine yaweza kudanganya, kwa sababu giya na matairi hayalingani. Ipime. Nenda kwenye barabara kuu yenye vibao vya kilometa. Tembea kilometa 10, kisha tazama namba. Tazama pia kama inasoma maili. Maili 1 ni kilometa 1.6. Mshale ukisema maili 30, unakwenda kilometa 48 kwa saa.

Andika kwenye daftari namba ya geji ya zamani na namba ya geji mpya siku uliyoifunga. Siku ya kuuza, mwonyeshe mnunuzi daftari hilo. Kurudisha namba nyuma ili pikipiki ionekane changa ni wizi.

Ongeza geji ya umeme

Pikipiki nyingi za zamani hazionyeshi hali ya betri. Taa huzimika usiku bila onyo. Geji ndogo ya volti itakusaidia. Kwanza soma betri yako: ni ya volti 6 au 12? Nunua geji inayolingana nayo. Waya mmoja uunge kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwashwa, na uweke fyuzi ndogo. Waya wa pili uunge kwenye bodi. Angalia vizuri: baadhi ya pikipiki za zamani za Uingereza, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Hapo nyaya za geji hubadilishana.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikienda mbio kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, umeme hauingii kwenye betri. Muone fundi kabla jua halijazama.

Ndugu msomaji, pikipiki haina kinywa. Husema kwa geji. Leo jioni itazame yako. Kama mshale umelala, anza na kebo.