Kompyuta Mpakato Ikizima Ghafla: Okoa Kwanza Kilichomo Ndani

Kompyuta mpakato inapogoma kuwaka, walaji wengi hukimbilia swali moja: itatengenezwa kwa shilingi ngapi? Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: ndani yake mna nini ambacho hakipo mahali pengine? Mashine hununulika tena dukani. Tasnifu ya miaka miwili, hesabu za kikoba au picha za mzazi aliyefariki hazinunuliki popote.

Tofauti hiyo imo hata katika karatasi ya waranti. Watengenezaji wengi huahidi kukitengeneza kifaa au kukibadilisha, kisha wakaeleza, kwa maandishi madogo, kwamba hawawajibiki kwa data iliyokuwemo. Hivyo mlaji anaweza kupata haki yake yote ya waranti, akakabidhiwa mashine inayong'aa, na bado akawa amepoteza kila kitu. Kituo cha huduma kikiondoa diski mbovu na kuweka mpya, kimetimiza ahadi yake.

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili kwa gharama. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, kompyuta yangu iligoma wiki tatu kabla ya siku ya kuwasilisha tasnifu. Nilimpelekea fundi, nikamwambia neno moja tu: itengeneze. Alipiga Windows upya na kunirudishia jioni ile ile, ikiwaka vizuri na ikiwa tupu. Hakunidanganya, alitenda nililomwagiza. Sura mbili zilipona kwa kuwa nilikuwa nimemtumia msimamizi wangu kwa baruapepe. Ya tatu niliiandika upya.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Kompyuta isiyowaka haimaanishi kwamba diski imekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni chaja, betri, kioo au ubao mama, na data imetulia mahali pake. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika na kukiachia. Jaribu tena kwa chaja nyingine inayolingana na ya awali. Hakikisha volti zilizoandikwa juu yake ni zile zile. Ikiwa taa zinawaka na feni inavuma lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikionekana huko, tatizo ni la kioo, nawe unaweza kunakili mafaili yako papo hapo kabla ya kufikiria matengenezo.

Zipo hali tatu ambazo majaribio huleta madhara. Ya kwanza ni kompyuta iliyomwagikiwa maji au chai: izime, chomoa chaja, usiiwashe ili kuona kama imepona, na usitegemee mchele wala jua. Ya pili ni mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya. Acha kuitumia mara moja, na usisakinishe programu ya kurejesha mafaili katika diski ile ile, kwa maana utaandika juu ya kile unachokitafuta.

Ya tatu inahitaji maelezo zaidi. Kompyuta nyingi za zamani, zikiwamo nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika, zina diski ya sahani inayozunguka, kwa kawaida mizunguko 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani hiyo kwa nafasi ndogo sana, isiyoonekana kwa macho. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga au kukwaruza, huenda kichwa hicho kimeharibika, na kila unapoiwasha kinaweza kuichuna sahani yenye data yako. Izime na uiache. Diski ya aina hiyo haifunguliwi juu ya meza ya duka, kwa kuwa chembe ya vumbi inatosha kuiharibu. Hufunguliwa katika chumba maalumu kilichochujwa hewa, na gharama yake yaweza kuzidi bei ya kompyuta yenyewe. Ndiyo maana inafaa kuamua mapema kama data hiyo ina thamani hiyo kwako.

Diski za kisasa za SSD hazina kinachozunguka, wala hazipigi kelele. Huweza kufa kimya kimya, na mafaili yaliyofutwa humo ni magumu zaidi kurejeshwa, kwa sababu diski yenyewe husafisha nafasi zilizoachwa wazi. Katika baadhi ya kompyuta, kama vile MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi imechomelewa kwenye ubao mama na haichomoki. Kompyuta nyingi za Windows nazo hufunga data kwa BitLocker, pengine bila mwenyewe kujua. Diski ikihamishiwa kwenye mashine nyingine hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Utafute kupitia simu yako kabla ya kutoka nyumbani.

Mapatano na fundi

Mafundi wetu wengi ni hodari, na kosa kubwa huwa katika maagizo. Mwambie fundi, na uandike katika karatasi ya mapokezi: data ihifadhiwe kwanza, asipige Windows wala kufomati bila ridhaa yako. Ikiwa diski ni nzima, kazi hiyo si ya ajabu: huchomolewa na kuwekwa katika kasha la USB, au kompyuta huwashwa kwa mfumo wa Linux uliomo kwenye flashi, kisha mafaili hunakiliwa. Muulize bei ya uchunguzi mbali na bei ya kazi, na kama utalipa iwapo data haitapatikana. Piga picha namba ya utambulisho ya mashine. Usitoe nywila yako ila pale kazi inapoihitaji, na ukiitoa, ibadilishe baadaye.

Usiogope kuonekana msumbufu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na fundi aliyekuhakikishia kwamba data itabaki kisha akaifuta hawezi kujitetea kwa urahisi mbele ya karatasi aliyoitia saini. Bila karatasi, linabaki neno lako dhidi ya lake. Dai pia risiti ya EFD, ya ununuzi na ya matengenezo, kwa kuwa malalamiko yasiyo na risiti huchukua muda mrefu kuthibitishwa. Endapo picha au nyaraka zako zitasambazwa na mtu uliyemkabidhi mashine, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Siku ya kuchukua kompyuta, usitosheke kuona orodha ya majina ya mafaili. Jina laweza kuonekana na ndani mkawa hamna kitu. Fungua picha kadhaa, video ndefu kuliko zote, na ile nyaraka uliyoihofia zaidi, uisome hadi ukurasa wa mwisho, ndipo ulipe. Ikiwa diski ilibadilishwa, omba ile ya zamani uondoke nayo hata kama imekufa, kwa kuwa data yako bado imo ndani yake. Katika matengenezo ya waranti, kituo huweza kuidai ibaki kwao. Uliza hilo siku ya kuipeleka, si siku ya kuichukua.