Je, Wajua? Rozari, Mantra na Pumzi

Je, wajua kwamba Wakatoliki wa Kisangani, nchini Kongo, ambao kanisa kuu lao limewekwa wakfu kwa Bikira Maria wa Rozari, wanaposali Salamu Maria, kiongozi akitamka nusu ya kwanza na jamaa wote wakiitikia nusu ya pili, hukaribia sana kawaida ya mwanayoga akaririye mantra, yaani maneno matakatifu yarudiwayo tena na tena?

Mwaka 2001 tabibu Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walieleza katika jarida la tiba la Uingereza habari za watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na pia wakakariri mantra. Na kwa kuwa duru moja ya maneno huchukua yapata sekunde 10, pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, midundo ya moyo na mishipa ya damu ikapatana nazo.

Zoezi la kukariri mantra Wahindi huliita japa, nao huhesabu kwa ushanga wa punje 108, zikipita mojamoja kati ya kidole gumba na cha kati. Wala, kwa rai yangu, pumzi pekee haitoshi, kwani Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika Yoga Sutra zake, aagizapo kukariri silabi takatifu Om, aagiza papo hapo kuizingatia maana yake.

Sekunde hizo 10, hata hivyo, zilipimwa kwa Kilatini, ilhali Kisangani sala hiyo husikika kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, lugha zisizolingana urefu wa maneno.