Kura ya Kigae

Hadithi ya leo si ya sungura na fisi, wanangu. Ni ya watu walioishi kweli katika mji wa Athens, Ugiriki, yapata miaka 2,500 iliyopita.

Kila mwaka, majira ya baridi, wananchi wa Athens waliulizwa mkutanoni: je, mwaka huu tumfukuze mtu mjini? Jina halikutajwa. Wakikubali, ilipangwa siku ya kura. Siku hiyo sehemu ya uwanja wa soko ilizungushiwa uzio wa mbao wenye milango kumi. Mpiga kura aliokota kigae cha mtungi uliovunjika, maana vigae vilikuwa bure na vimejaa kila mahali, akachora juu yake jina la mtu kwa ncha kali. Kisha aliingia na kukikabidhi, maandishi yakitazama chini ili mwingine asiyaone.

Vigae vikitimia 6,000, aliyetajwa mara nyingi kuliko wenzake alipewa siku kumi za kufunga mizigo. Angekaa nje miaka 10. Hakushtakiwa kosa lolote, wala hakunyang'anywa shamba au nyumba. Lakini wanawake, watumwa na wageni hawakupiga kura kabisa. Kwa hiyo mnaposikia kwamba Athens ndiko demokrasia ilikozaliwa, wakumbukeni na hao waliobaki nje ya uzio.

Kwa nini kumfukuza mtu asiye na kosa? Waathene walikuwa wameonja utawala wa mtu mmoja. Hippias, mtawala wa mabavu, waliwahi kumtimua mwaka 510 KK, naye akakimbilia kwa mfalme wa Uajemi. Miaka 20 baadaye jeshi la Uajemi lilipotua Marathon, karibu na Athens, Hippias alikuwa nalo, mzee sasa, akitaka kurudishiwa kiti chake. Baada ya hapo Waathene waliamua kwamba mtu akianza kuwa mkubwa kupita kiasi, atolewe mapema.

Mwaka 482 KK zamu ilimfikia Aristides, ambaye watu walimwita Mwenye Haki. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba siku ya kura mtu mmoja kutoka shamba, asiyejua kusoma wala kuandika, alimpa Aristides kigae chake bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Aristides akamuuliza, huyo bwana amekukosea nini? Yule mtu akajibu kwamba hata hamjui kwa sura. Amechoka tu kusikia kila mtu akimsifu kwa haki. Aristides hakusema neno. Aliandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae. Na kura zilipohesabiwa, akafukuzwa.

Mpinzani wake mkubwa aliitwa Themistocles, mtu mwerevu aliyewashawishi wananchi watumie fedha iliyochimbwa Laurion kuunda meli za vita. Mwaka 480 KK Waajemi walirudi na jeshi kubwa zaidi, na waliofukuzwa wakaitwa nyumbani. Mwanahistoria wa kale Herodotus anasema Aristides alivuka usiku, akapenya katikati ya meli za adui hadi kisiwa cha Salamis, akamwita Themistocles pembeni na kumwambia: tumezingirwa, tujiandae kupigana. Wale mahasimu wawili wakawa upande mmoja, na Wagiriki wakashinda.

Kama miaka kumi baadaye, Themistocles naye akapigiwa kura ya kigae, akaondoka. Hapa ndipo ninapotaka mtege masikio. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta kisimani, karibu na ngome ya Athens, vigae 190 vyenye jina lake. Vingi ni vitako vya vikombe, vizuri na sawasawa. Walipoyachunguza maandishi, waliona yametoka katika mikono 14 tu. Yaani watu wachache walikaa chini, wakachora jina lile lile tena na tena, wawagawie wapiga kura. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu cha kusikitisha kuliko vyote katika hadithi hii, kuliko hata ujinga wa yule mtu wa shamba. Yeye alau chuki yake ilikuwa yake mwenyewe.

Themistocles hakurudi tena Athens. Akiwa nje alituhumiwa usaliti, akatoroka hadi Uajemi, kwa mwana wa mfalme yule yule ambaye meli zake alizishinda Salamis. Alipokewa, akapewa mji wa Magnesia autawale, na huko ndiko alikofia.