Uzamili wa sheria ng'ambo si leseni ya uwakili

WANASHERIA vijana wengi wanaohitimu shahada ya kwanza nchini huanza mapema kutafuta nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sheria, maarufu kama LL.M., katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Wapo wanaolipiwa na wafadhili, lakini wapo pia ambao wazazi wao huuza kiwanja au kukopa benki ili kugharimia masomo hayo. Kwa kundi hili la pili, swali la kwanza si chuo kipi kina jina kubwa, bali shahada hiyo itamwezesha mhitimu kufanya nini atakaporejea.

Jibu linaanzia katika kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: elimu ya sheria na ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili. Uzamili huongeza elimu. Ruhusa ya kusimama mahakamani kumtetea mteja hutolewa kwa utaratibu mwingine kabisa, na kila nchi ina wake.

Uwakili una njia yake

Kwa Tanzania Bara, mhitimu wa shahada ya kwanza hutakiwa kupitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo aombe kwa Jaji Mkuu kukubaliwa kuwa wakili. Uzamili wa ng'ambo, hata uwe wa chuo mashuhuri kiasi gani, hauchukui nafasi ya mafunzo hayo. Aliyeondoka kabla ya kuyamaliza hurudi na shahada mbili mkononi, kisha huketi darasani pamoja na waliohitimu juzi. Kwa anayekusudia kuwa wakili, busara ni kumaliza kwanza mafunzo ya vitendo. Aidha, ni vyema kuthibitisha mapema kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba chuo kinachokusudiwa kinatambuliwa.

Wengine huamini kuwa uzamili huwafungulia mlango wa uwakili katika nchi walikosomea. Hilo nalo lina mipaka. Kwa England na Wales, tangu mwaka 2021 anayetaka kuwa mwanasheria wa daraja la solisita hupitia mitihani maalumu ya SQE, na uzamili haumwondolei mtihani huo. Katika jimbo la New York, Marekani, elimu ya mwanasheria wa kigeni hutathminiwa kwanza. Aliyesoma katika nchi yenye mfumo wa sheria uliorithiwa kutoka Uingereza, kama Tanzania na Kenya, anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa uwakili bila hata kuwa na uzamili wa Marekani, iwapo masomo yake yanalingana kwa muda na maudhui. Mwenye upungufu katika kimojawapo ndiye anayeweza kuufidia kwa uzamili wenye krediti zisizopungua 24. Yaani, mtu anaweza kulipa mamilioni kununua sifa ambayo tayari anayo.

Faida iko wapi?

Hata hivyo, haya hayamaanishi kuwa uzamili hauna thamani. Thamani yake iko katika ubobezi. Mikataba ya gesi asilia, usafirishaji wa baharini, usuluhishi wa migogoro ya kibiashara na hakimiliki ni maeneo yanayodai ujuzi ambao shahada ya kwanza huugusa kwa juu juu. Vilevile, asiye na uzamili ni vigumu kwake kupanda ngazi ya uhadhiri chuo kikuu.

Ubobezi huo haupatikani London au Boston pekee. Taasisi ya Kimataifa ya Sheria za Bahari iliyoko Malta, iliyoanzishwa mwaka 1988 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, hufundisha uzamili wa sheria za bahari, fani yenye manufaa kwa nchi zenye bandari kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kina uzamili wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika ulioanza mwaka 2000. Ujuzi huo una soko Arusha, yalipo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Historia nayo inafundisha. Profesa Issa Shivji alisoma uzamili London School of Economics, lakini uzamivu aliupata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Dk. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, alivuka mpaka kuja Dar es Salaam kusoma shahada ya kwanza na ya uzamili. Kwake, ng'ambo ilikuwa hapa.

Gharama na ufadhili

Ada katika baadhi ya vyuo mashuhuri vya Marekani hupita dola 70,000 kwa mwaka, kabla ya malazi na chakula, ilhali kozi yenyewe huchukua takriban miezi tisa. Nchini Uingereza kozi nyingi huchukua mwaka mmoja. Mpango wa Chevening wa Serikali ya Uingereza hulipa ada, nauli na posho, lakini humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na mnufaika kurejea nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Kwa kuwa maombi hufanyika karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, anayesubiri dakika za mwisho hujikosesha mwenyewe.

Kabla ya kiwanja kuuzwa, basi, familia haina budi kupata majibu matatu yaliyo wazi: ni fani gani itakayosomwa, ni nani atakayemwajiri mhitimu kwa fani hiyo, na je, mafunzo ya uwakili yamekwisha kukamilika? Likikosekana jibu moja, ni heri safari icheleweshwe mwaka mmoja kuliko deni lilipwe kwa miaka kumi.