Nani Kaiwasha Nyumba Saa 8 Usiku?

Hebu vuta picha. Umeme umekatika tangu saa 3 usiku. Umempepea mtoto wa miezi minne kwa kanga mpaka mkono umekufa ganzi, na ndiyo kwanza amelala. Saa 8, umeme huo unarudi. Taa zote za sebuleni na korido zinawaka kwa pamoja, nyeupe pee kama ukumbi wa harusi, halafu king'ora kinaanza kulia. Mtoto naye anakiitikia.

Ndivyo ilivyonikuta mimi. Baba watoto alikuwa Mwanza kikazi. Nikashika simu nizime king'ora, kumbe ukurasa alionitengenezea una taa na feni tu. King'ora hakimo! Nikakimbilia kung'oa plagi ukutani, huku jirani anaita dirishani, "Mama, kuna wezi?"

Kama nyumba yenu bado inaendeshwa na swichi za ukutani, usicheke. Leo mtanunua balbu moja ya kuwashia kwa simu, kesho kamera ya getini, na kabla hamjajua mmoja wenu ameshakuwa fundi mkuu wa nyumba na mwenzake mgeni mwalikwa.

Sisi tunatumia Home Assistant, programu ya bure aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, na ambayo tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation. Kwetu inakaa ndani ya Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kiganjani, na inaviunganisha vifaa vya kampuni mbalimbali ambavyo vyenyewe kwa vyenyewe havielewani. Wewe unaiandikia kanuni tu. Ya mume wangu ilisema: kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, kihisi cha korido kikiona mtu, piga king'ora. Kanuni nzuri. Ila usiku ule hakukuwa na mtu koridoni.

Aliporudi Jumamosi nilimwuliza swali moja tu, "Baba, hii nyumba ni ya nani?" Akajibu kwa kufungua laptopu (wanaume bwana!). Akabonyeza kitufe cha kuendesha kanuni, king'ora kikalia. "Unaona mama, inafanya kazi."

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kitufe kile kinaruka kile kinachoanzisha kanuni, kinaruka na masharti yake yote, kinakwenda moja kwa moja kwenye tendo. Alichokithibitisha ni kwamba king'ora kinalia, jambo ambalo mtaa mzima ulishalijua tangu usiku ule.

Basi nikavuta kiti nikakaa naye. Kwanza tukafungua kumbukumbu ya kanuni yenyewe, maana mfumo unatunza mara 5 za mwisho ilivyokimbia, hatua kwa hatua. Mambo yakawa hadharani. Kikompyuta chetu kina betri ya akiba, kwa hiyo umeme ukikatika chenyewe hakilali. Kihisi cha korido kinategemea umeme wa ukutani. Kilipozimika, mfumo ukakiandika "hakipatikani". Umeme uliporudi, vihisi vya aina ile vina tabia ya kuzinduka kwa kupiga kelele kwamba vimeona mtu. Na kanuni ilisema tu "kikiona mtu", haikusema kabla ya hapo kiwe katika hali gani. Kutoka "hakipatikani" kwenda "kimeona mtu" kwake ilikuwa sawasawa na mwizi.

Sasa utaijaribuje? Usubiri umeme ukatike tena? Hapo ndipo zilipo zile zana za watengenezaji, ukurasa ambao mume wangu alikuwa akinificha eti "huko utaharibu". Una sehemu ya hali, ambako unaweza kuuandikia mfumo kwa mkono kwamba kihisi hakipatikani, kisha ukaandika kimeona mtu. Mfumo unaamini! Tuliondoa sharti la saa kwa muda, na mahali pa king'ora tukaweka taa ya kando ya kitanda, maana mtoto alikuwa amelala. Nikaandika hali ya kwanza, nikaandika ya pili. Taa ikawaka. Tumemkamata mwizi wetu.

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: kihisi kianze kwenye "hakuna mtu" ndipo kiende "kimeona mtu". Tukarudia jaribio la mwanzo, taa kimya. Tukajaribu njia ya halali, ikawaka. (Sharti la saa tulisahau kulirudisha, kesho yake taa ya kitandani ikawa inawaka kila dada akipita koridoni na ndoo.)

Ila mjue kitu kimoja. Nilipokolea, nikaandika kwenye sehemu hiyo ya hali kwamba taa ya jikoni inawaka. Skrini ikasema inawaka. Jikoni giza totoro! Kule unabadilisha anachokiamini mfumo, taa yenyewe haina habari, na ikituma taarifa yake ya kweli, maandishi yako yanafutika. Ukitaka taa iwake kweli unakwenda sehemu ya vitendo, unachagua taa, unaamuru. Masomo ya zamani yanaiita sehemu ya huduma, jina lilibadilika Agosti 2024.

Na zile taa za ukumbi wa harusi? Balbu nyingi za aina hii zimewekwa kiwandani ziwake umeme unaporudi. Baadhi zina mpangilio wa kubaki zilivyokuwa kabla umeme haujakatika. Zetu zilikuwa nao, hakuna aliyewahi kuugusa.

Lililobaki halikuwa la ufundi. Zana zile huonekana kwa akaunti ya msimamizi tu, na msimamizi kwetu alikuwa mmoja. Mfumo huohuo, usipoubadilisha, unatunza kwa siku 10 kila mlango uliofunguka na saa yake. Nilimwambia sitaki kulala tena kwenye nyumba inayonijua kuliko ninavyoijua. Hakujibu upesi. Jioni ile akanipa usimamizi, na king'ora kikaingia kwenye ukurasa wangu, juu kabisa, chekundu.

Wiki mbili baadaye umeme ulirudi saa 9 usiku. Feni ikaanza kuzunguka, basi. Asubuhi akanipigia kutoka Mwanza, "Mama, jana umeme ulikatika?"

"Ulikatika. Mwenzio nimelala."