Ziwa Tanganyika: Dakika chache zinazoamua uhai wa sangala

PEPA, Tanganyika – Mvuvi anayemrudisha samaki mkubwa ziwani huhesabiwa kuwa amemwokoa. Mara nyingi sivyo. Samaki huondoka akiogelea, watu mtumbwini wakafurahi, kisha akafa baada ya saa chache mbali na macho yao.

Suala hilo lina uzito wake katika jimbo la Tanganyika. Sangala mkubwa, ambaye wanasayansi humwita Lates angustifrons, hupatikana katika Ziwa Tanganyika peke yake na anaweza kufikia urefu wa mita 2. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Jike mkubwa ndiye mwenye mayai mengi zaidi, na ndiye huyo huyo anayetamaniwa na kila mvuvi wa ndoano.

Adui wa kwanza wa samaki aliyenaswa ni uchovu, wa pili ni hewa. Mwaka 1992 watafiti Ferguson na Tufts wa Canada waliwakimbiza samaki aina ya trauti hadi wakachoka kabisa. Kati ya waliobaki majini, asilimia 12 walikufa. Waliotolewa nje kwa sekunde 30, walikufa asilimia 38. Waliokaa nje dakika nzima, asilimia 72. Sangala si trauti, lakini naye hupumua kwa matamvua, na matamvua hayafanyi kazi hewani.

Ndiyo maana wavuvi wa michezo wa Watamu, Kenya, wanaowawekea marlini alama na kuwaachia, hufanya kazi hiyo samaki akiwa bado majini, ubavuni mwa boti. Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria inakataza kumtoa majini tarponi mwenye urefu unaozidi inchi 40, yaani kama mita moja.

Kwa mtumbwi wa Kalemie au Moba, mambo ni yale yale. Tumia mshipi wenye nguvu ili mapambano yasirefuke. Bana kijino cha ndoano kabla ya kuvua, ili itoke kwa urahisi. Koleo liwe karibu, na mikono iwe na maji, kwa sababu mikono mikavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa. Usimning'inize kwa taya wala kumshika matamvua. Ndoano ikiwa imemezwa, kata mshipi karibu na mdomo. Kuivuta humpasua ndani.

Kisha mshike wima, kichwa kikielekea mbele, mtumbwi ukisogea polepole ili maji yapite mdomoni. Usimwachie mpaka apige mkia mwenyewe. Kwa samaki wa jamii ya mbenga, mwenye meno kama visu, usiingize kidole mdomoni hata akionekana amekufa.

Samaki aliyevutwa kutoka kina kirefu ana shida nyingine: kibofu chake cha hewa huvimba, akashindwa kuzama. Anayekusudia kuachia samaki asivue kwenye kina hicho.

Hakuna atakayemwambia baba mwenye watoto nyumbani amrudishe sangala wa kilo 20. Samaki huyo ni chakula na karo ya shule. Lakini mgeni anayelipa ili avue kwa starehe hahitaji nyama hiyo, na mwenye mtumbwi anaweza kumtoza fedha leo, kisha samaki yule yule akavuliwa tena na mwingine.

Na kama matamvua yanatoka damu nyingi, samaki huyo hataishi. Aliwe. Kumtupa majini ni kumpoteza mara mbili: hataga mayai, wala halishi mtu.

Mei 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Miezi tisa inayobaki iko mikononi mwa wavuvi.